Mikono ni yako: jibu kwa anayejihisi nje ya mwili wake

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi kwa kompyuta tangu asubuhi hadi jioni, na mikutano yetu yote ni ya video. Usiku huvaa miwani ya uhalisia pepe (VR), inayoonyesha ulimwengu uliochorwa na kompyuta, nikacheza na marafiki walio mbali. Siku hizi nikivua miwani, mikono yangu huniwia kama ya mtu mwingine kwa muda, na hata mchana najiona kama kichwa kinachoelea mbele ya skrini. Rafiki yangu ambaye ni mwanaprogramu ananiambia nisiogope, ndiko binadamu anakoelekea: mwili ni mzigo, na siku moja akili itahamishiwa kwenye kompyuta idumu milele. Je, ni kweli mwili unaanza kuwa kitu cha ziada? Na hili ninalolihisi ni ugonjwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na mikono, kwa kuwa ndiyo iliyokutia hofu. Ya rafiki yako nitayafikia, na nina mengi ya kusema juu yake.

Unachokihisi ukivua miwani kinajulikana, na kwa watu wengi hupita chenyewe baada ya muda mfupi. Ili uelewe kwa nini kinatokea, fahamu kwanza kwamba ubongo haujawahi kuuona mwili wako moja kwa moja. Umo ndani ya fuvu, gizani, na kila unachojua juu ya mwili huletewa na neva. Macho huleta habari kwamba mkono uko pale. Ngozi huleta habari kwamba umeguswa. Misuli, kano na maungio huleta habari kwamba kiwiko kimekunjwa kiasi hiki na kidole kimenyooshwa kiasi kile. Habari hizi zikikubaliana, ubongo hutoa hukumu isiyo na maneno: mkono huu ni wangu. Hukumu hiyo haikutolewa mara moja utotoni ikaisha. Hutolewa upya muda wote ukiwa macho, na ndiyo maana inaweza kupotoshwa.

Mwaka 1998 watafiti Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walionyesha jinsi ilivyo rahisi kuipotosha. Mtu aliketishwa mezani, mkono wake wa kushoto ukafichwa nyuma ya kiwambo, na mbele yake ukawekwa mkono wa mpira. Mtafiti akawa anaipapasa mikono yote miwili kwa brashi ndogo za rangi, kwa wakati mmoja na mahali palepale. Baada ya muda watu walisema wanaihisi brashi kwenye mkono wa mpira. Walipofumba macho wakaombwa waonyeshe mkono wao wa kushoto uko wapi, walikosea, wakaelekeza upande wa ule wa mpira. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Macho na ngozi vilitoa ushahidi unaolingana, na ubongo ukausadiki ushahidi huo kuliko ule wa misuli, iliyokuwa ikisema kwamba mkono halisi uko pembeni.

Miwani yako inafanya jambo lilelile, kwa saa nyingi na kwa ustadi mkubwa zaidi. Inakuonyesha mikono iliyochorwa, inayoifuata mikono yako kwa kuchelewa kidogo sana na isiyokaa sawasawa pale mikono halisi ilipo. Mikono hiyo inashika vitu visivyo na uzito na kugonga kuta zisizoumiza. Ubongo unajirekebisha uendane nayo, kisha ukivua miwani unatakiwa ujirekebishe tena kurudi. Katika muda huo wa kati ndipo mkono wako mwenyewe unapoonekana mgeni. Jambo hili lilijulikana kabla ya kompyuta kuwapo. Mwanasaikolojia Mmarekani George Stratton alivaa vioo vilivyopindua kila kitu juu chini, na katika jaribio lake la mwaka 1897 aliishi navyo kwa siku nane. Alivizoea hatua kwa hatua. Alipovivua, ulimwengu wa kawaida ndio uliomchanganya kwa muda.

Usilisahau sikio pia. Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye umajimaji inayopima kichwa kinavyogeuka, na kando yake viungo viwili vinavyopima kuinama na kuongezeka kwa mwendo. Kwenye mchezo macho yanasema tunakimbia, sikio linasema tumeketi. Mgongano huo ndio unaoleta kichefuchefu na kizunguzungu, na watengenezaji wa miwani wenyewe huonya mtu asiendeshe gari hadi dalili hizo ziishe. Tafadhali lichukulie onyo hilo kwa uzito.

Kuna majaribio mengine yanayoligusa swali lako kwa karibu zaidi. Mwaka 2002 timu ya mtaalamu wa ubongo Olaf Blanke huko Uswisi ilikuwa ikimchunguza mgonjwa wa kifafa kabla ya upasuaji. Walipopitisha umeme kidogo kwenye eneo moja la upande wa kulia wa ubongo wake, alisema anajiona kutoka juu, amelala kitandani, ila anaona miguu na sehemu ya chini ya kiwiliwili tu. Walipoacha umeme, hali ikaisha. Mwaka 2007 mtafiti Henrik Ehrsson aliwafikisha watu wazima wenye afya karibu na hali hiyo bila kugusa ubongo. Aliwavisha skrini machoni na kuwaonyesha migongo yao wenyewe kupitia kamera zilizokuwa nyuma yao. Kisha akawagusa kifuani, huku wakiona fimbo ikielekea chini ya kamera, mahali ambapo kifua kingekuwa kama wangekuwa wameketi hapo nyuma. Walijihisi wako nyuma, wakiutazama mwili wa mbele kama wa mtu mwingine. Nyundo ilipoinuliwa kupiga pale patupu walipojihisi wapo, ngozi yao ilitoa jasho la hofu.

Jasho hilo ndilo jibu langu kwa kifupi. Mtu alidhani ametoka mwilini, na aliyedhani hivyo ni mwili wake. Macho yalifanya kazi, kifua kilihisi fimbo, tezi za jasho zikaitika. Hakuna mbinu hata moja ya kumtoa mtu mwilini ambayo haipitii mwilini. Teknolojia inachoweza kufanya ni kusogeza mpaka wa mwili, kuongeza sauti ya hisi moja na kuzima nyingine. Hilo si jambo dogo, na linaweza kuumiza au kuponya, lakini ni tofauti kabisa na yale anayokuambia rafiki yako.

Ukitaka kujua kutengwa na mwili kikweli kunafananaje, nitakueleza kisa kinachofahamika sana kwa wanaochunguza ubongo. Mwaka 1971 kijana mmoja wa Uingereza, mwenye umri wa miaka 19, alipata ugonjwa uliofuata maambukizi na ukaharibu neva zinazopeleka habari za mguso na za mkao wa viungo, kuanzia shingoni kwenda chini. Neva za kuendesha misuli zilibaki nzima. Hakuwa amepooza, ila alipotaka kuinuka hakuweza, kwa sababu hakujua miguu yake iko wapi. Mikono ilijiendea bila yeye kujua. Ilimchukua muda mrefu wa kazi ngumu kujifunza kuketi, kusimama na hatimaye kutembea, kwa kukitazama kila kiungo na kukifikiria kila tendo. Taa ikizimika ghafla, anaanguka. Akili yake haikupungua kitu. Lakini akili hiyo nzuri ililazimika kutumika yote kwa ajili ya kubeba kikombe au kukaa kitini bila kuporomoka. Mimi kila ninaposikia kwamba mwili unaizuia akili kuruka, namkumbuka mtu huyu. Sisi wengine tunaweza kutembea huku tunazungumza na kupanga mambo ya kesho kwa sababu mwili unafanya kazi kubwa mno kimyakimya, ukituachia nafasi ya kufikiri.

Sasa nirudi kwenye siku yako, kwenye hicho kichwa kinachoelea. Hapa nadhani miwani ina lawama ndogo kuliko kiti. Hisi ya mkao hulishwa na mwendo na uzito. Misuli ina vipokezi vinavyopima inavyovutika, kano zina vyake vinavyopima nguvu, na vyote hutoa habari nyingi zaidi kitu kinapobadilika. Ukikaa vilevile tangu asubuhi, habari za kiunoni, mapajani na mgongoni hupungua hadi ubongo hauna sababu ya kuzisikiliza. Wakati huohuo macho na ncha za vidole vinaleta habari tele. Ubongo hukuchorea mwili kutokana na kinachofika, na kinachofika ni uso, macho na vidole.

Mikutano ya video ina shida yake pia. Mwaka 2009 watafiti walipima mazungumzo katika lugha 10 zilizo mbali sana kimila na kijiografia, wakakuta kwamba mtu mmoja akimaliza kusema, mwingine huanza baada ya wastani wa karibu milisekunde 200. Huo ni muda mfupi kuliko unaohitajika kuanza kutunga jibu kutoka mwanzo. Maana yake tunatabiri: tunasoma pumzi, mabega, kidevu kinachoinuka, tunajua zamu inakuja kabla haijafika. Mtandao unaweza kuchelewesha sauti na picha kwa muda sawa na huo, na picha yenyewe imekata mabega na mikono. Basi ubongo unafanya kazi ya kutabiri ukiwa na dalili chache na zilizochelewa, siku nzima. Juu ya hayo unajitazama mwenyewe kwenye kona ya skrini, jambo ambalo binadamu hakuwahi kulifanya kwa saa nyingi mfululizo akiwa anazungumza na wenzake. Uchovu wako wa jioni una sababu za kimwili kabisa.

Na kuna mguso. Ngozi yenye vinyweleo ina neva za aina ya pekee, nyembamba na za mwendo wa polepole, zinazoitika vizuri zaidi kwa mpapaso wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, tena wa kitu chenye joto la ngozi. Huo ni mwendo wa mkono wa mama juu ya mgongo wa mtoto. Habari zake haziendi hasa kwenye sehemu za ubongo zinazotambua umbo la kitu, huenda kwenye zile zinazohusika na hisia na hali ya ndani ya mwili. Mtetemo wa simu au wa kidhibiti cha mchezo hauziamshi hivyo. Marafiki zako wa usiku ni marafiki wa kweli, sina shaka na hilo, lakini kuna mlango mmoja wa urafiki ambao miwani haijaweza kuufungua.

Tuje kwa rafiki yako. Ndoto yake ina heshima yake, na watu makini wameiota kabla yake. Mwaka 1641 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes aliandika kwamba anaweza kuutilia shaka mwili wake lakini hawezi kutilia shaka kwamba anafikiri, akahitimisha kuwa nafsi na mwili ni vitu viwili tofauti. Miaka miwili baadaye Elisabeth, binti wa mfalme wa Bohemia, alimwandikia barua na kumuuliza swali ambalo mpaka leo halijapata jibu la kuridhisha: nafsi isiyo na mwili inausukumaje mwili? Hata Descartes mwenyewe alikiri kwamba hatumo mwilini jinsi nahodha alivyo chomboni. Nahodha huiona meli ikipasuka. Mtu akijeruhiwa, huumia.

Mwaka 1950 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alipendekeza jaribio la kujua kama mashine inaweza kufikiri. Mwamuzi awasiliane na mtu na mashine kisha aseme yupi ni mtu, kwa maandishi tu, ili sauti, uso na ngozi visimpotoshe. Ni wazo zuri na la haki. Lakini miaka miwili baadaye Turing alihukumiwa Uingereza kwa uhusiano wake na mwanamume, akapewa dawa za homoni badala ya kifungo, na mwaka 1954 akafariki dunia. Mtu aliyeturuhusu kuifikiria akili bila mwili, mwili wake mwenyewe ndio uliokamatwa na sheria. Siwezi kulisimulia hili haraka haraka, kwa sababu kila ninaposikia neno la kuudharau mwili nauliza: ni mwili wa nani unaoweza kudharauliwa bila mwenyewe kulipa?

Kuhusu kuhamisha akili, aliyeieleza kwa undani ni mtaalamu wa roboti Hans Moravec. Mwaka 1988 alisimulia roboti daktari anayeusoma ubongo tabaka kwa tabaka na kuunda nakala yake kwenye kompyuta. Inafaa rafiki yako ajue kwamba Moravec huyohuyo aligundua jambo linalokwenda kinyume: kuifanya kompyuta ishinde mtihani wa akili au mchezo wa dama ni rahisi kuliko kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kwenda. Yale tunayoyaona ya juu, kama hesabu, ni mepesi kwa mashine. Yale tunayoyapuuza, kama kuokota kijiko kilichoanguka, yamebeba mamilioni ya miaka ya kujifunza kwa mwili.

Tumefika wapi katika kuusoma ubongo? Kuna mnyoo mdogo, urefu wake kama milimita moja, mwenye seli za neva 302. Ramani ya mawasiliano ya seli zake ilichapishwa mwaka 1986. Hadi leo hatuwezi kuichukua ramani hiyo peke yake tukatabiri kila atakachofanya mnyoo. Mwaka 2024 ilitoka ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda, wenye seli za neva zipatazo 140,000, na mwaka huohuo ramani ya kipande cha ubongo wa binadamu cha milimita moja ya ujazo. Kipande hicho, kidogo kuliko punje ya mchele, kilikuwa na miungano ya seli ipatayo milioni 150, na data yake ilijaza petabaiti 1.4, yaani gigabaiti kama milioni 1.4. Ubongo wako una zaidi ya vipande milioni moja vya ukubwa huo na seli za neva zipatazo bilioni 86. Kazi hizi nazisifu kwa moyo wote. Lakini ni ramani za tishu iliyokufa. Hazionyeshi kemikali zilizokuwa zikizunguka humo. Na kemikali zina neno: kwenye fundo la neva linaloendesha tumbo la kaa, lenye seli zipatazo 30, waya zilezile hutoa midundo tofauti kabisa kemikali zikibadilika.

Tena ubongo unategemea mengi yaliyo nje ya fuvu. Utumbo wako una seli za neva zaidi ya milioni 100 na hutengeneza sehemu kubwa kabisa ya serotonini ya mwili, kemikali ya kupeleka ishara kati ya seli. Neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, mapafu na tumbo, ina nyuzi nyingi zaidi zinazopeleka habari juu kuliko zinazoleta amri chini. Karibu asilimia 80 zinaelekea ubongoni. Kwa hiyo anayetaka kuihamisha akili na kuuacha mwili atalazimika kuiga pumzi, mapigo ya moyo, njaa, homa na uchovu, la sivyo atakachokipata hakitakuwa wewe. Mimi sisemi haitawezekana kamwe kutengeneza mashine inayofikiri. Nasema kwamba akili yako imejengwa humo ulimo, na kuing'oa humo hakulingani na kunakili faili.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka kwenye teknolojia yenyewe. Watu waliopooza wamewekewa elektrodi, vijiwaya vya kupokea na kupitisha umeme, kwenye ubongo ili waendeshe mkono wa roboti kwa nia tu. Nani angesema mfano bora zaidi wa akili iliyoachana na mwili? Lakini mwaka 2021 timu ya watafiti ya Pittsburgh, Marekani, ilichapisha jambo la ajabu. Mtu mmoja aliwekewa elektrodi pia katika sehemu ya ubongo inayopokea mguso, ili mkono wa roboti ukishika kitu, ahisi kama vidole vyake vinaguswa. Muda wa kushika kitu na kukihamisha ulishuka kutoka kama sekunde 21 hadi kama sekunde 10. Akili iliyopewa mashine ilifanya kazi vizuri maradufu iliporudishiwa hisia ya mwili. Wahandisi hawa hawakuwa wakitetea falsafa yoyote. Walitaka mtu aweze kushika kikombe.

Nisiwe mgumu kupita kiasi. Naelewa kwa nini watu wanaipenda hali ya kutokuwa na mwili mtandaoni. Mtu mwenye ulemavu ambaye kila chumba anachoingia humtazama kiti chake cha magurudumu kabla ya kumsikiliza, mtandaoni husomwa maneno yake kwanza. Mwenye kigugumizi huandika bila kukatizwa. Anayenyanyaswa kwa rangi au jinsia yake hupumua kidogo. Hiyo ni nafuu halisi, na asiyewahi kuihitaji asiibeze. Ila tazama kinachoondolewa hapo: ni macho ya watu wengine juu ya mwili. Mwili wenyewe umebaki, unaandika, unapumua kwa raha zaidi.

Na nafuu hiyo haina uhakika. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za kibiashara zilizokuwa zikitambua jinsia kwa picha ya uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika hadi asilimia 34.7. Ulimwengu tulioambiwa hauna miili uliingia na vipimo vya mwili wa nani ni wa kawaida.

Mwambie rafiki yako pia kwamba hata kompyuta atakayohamia ina mwili. Data za mabara hupita kwenye mikongo iliyolazwa chini ya bahari, na meli zenye mabaharia huenda kuitengeneza ikikatika. Vituo vya data, kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati, vilitumia karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia mwaka 2024, na vingi hupozwa kwa maji. Kobalti ya betri, ambayo kwa sehemu kubwa huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sehemu yake inachimbuliwa na migongo ya watu. Na ili wewe na mimi tusikutane na video za mauaji kwenye skrini zetu, wapo wafanyakazi wanaozitazama kwa niaba yetu kutwa nzima kisha hawapati usingizi. Kila panaposemwa kwamba mwili umeondolewa, mimi hutafuta umehamishiwa kwa nani.

Basi ufanye nini? Miwani usiitupe, ila gawa muda wa kuivaa vipande vipande: vua baada ya nusu saa, simama, na kabla ya kurudi ipe mikono kazi nzito. Sukuma ukuta kwa nguvu, beba kitu chenye uzito, sugua viganja hadi vipate joto, kamua kitambaa. Uzito na ukinzani ndivyo vinavyosemesha misuli na kano, na ndivyo vilivyokosekana mchezoni. Kujitazama mikono na kujiuliza kama ni yako hakusaidii. Huongeza hofu, na hofu huongeza hali yenyewe. Usivae miwani saa ya mwisho kabla ya kulala.

Mchana, zima picha yako mwenyewe kwenye mikutano. Programu nyingi zinaruhusu wenzako wakuone bila wewe kujiona. Mikutano isiyohitaji kutazamana omba iwe ya sauti tu, uisikilize ukiwa unatembea. Inuka kitini mara nyingi, hata kwa dakika moja. Kwa jambo hili, kuinuka mara nyingi kwa muda mfupi ni bora kuliko mara moja kwa muda mrefu. Na tafuta angalau shughuli moja ya kila wiki ambayo watu wako pamoja kimwili na mikono ina kazi: kuimba kwaya, kucheza ngoma, mpira, bustani, kumbeba mtoto wa ndugu yako. Hii si burudani ya ziada katika hali yako. Naiweka pamoja na usingizi.

Uliuliza kama ni ugonjwa. Karibu nusu ya watu wazima wamewahi, angalau mara moja maishani, kujihisi wako nje ya nafsi au miili yao, hasa wakiwa wamechoka, wamekosa usingizi, wana wasiwasi mkubwa au msiba. Ugonjwa ni pale hali inapodumu au kurudi kila mara na kuharibu maisha, na hilo huwapata watu wachache, karibu 2 katika kila 100. Wewe unajua kwamba mikono ni yako ingawa inakuwia migeni, na kujua huko ni dalili njema. Fuata niliyokueleza kwa wiki mbili au tatu. Muone daktari mapema zaidi ikiwa hali inakuja hata siku usizovaa miwani, ikiwa inaandamana na kupoteza fahamu, kuona vimulimuli, kichwa kuuma upande mmoja au mkono kufa ganzi, ikiwa inakujia baada ya kutumia bangi au dawa nyingine, au ikiwa unapata mawazo ya kujidhuru; kwa hilo la mwisho nenda siku hiyohiyo, usingoje. Kifafa na kipandauso vinaweza kuanza kwa hisia kama zako, na vyote vina tiba. Ukienda, mweleze daktari unavaa miwani saa ngapi kwa siku na unalala saa ngapi usiku, maana hayo mawili ndiyo atakayotaka kuyajua kwanza.